Wezi wa Maua wa Los Yarumos

Jumamosi ile soko la maua la Medellín lilikuwa limefurika mpaka kupita kulitaka viwiko. Wapagazi walipiga mbinja watu wawapishe, ndoo za waridi zilizagaa njiani, na muuza arepa, vile vikate vya mahindi, alisukuma mkokoteni wake juu ya vidole vya watu bila kuomba radhi. Katikati ya patashika hiyo alisimama Nohelia Arbeláez, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, kavaa suruali nyeupe na viatu vya kisigino, mkononi ana orodha ya kurasa nne. Nani alimshauri aende sokoni na suruali nyeupe, hajulikani mpaka leo.

"Nataka wachumba mia mbili," alimwambia muuza miche aliyekuwa ameinama nyuma ya majani.

Yule mtu akainuka. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, shati la bluu kalikunja mikono, na jani la kangaga limemnasa nyweleni bila mwenyewe kujua.

"Mia mbili," alirudia taratibu. "Dada yangu, wengine tunahangaika mjini hapa kumpata mmoja."

Wachumba ndilo jina la yale maua mekundu yanayoning'inia kwenye roshani za mji ule, na Nohelia alikuwa ameshausikia utani huo mara tatu tangu aingie sokoni. Lakini safari hii, sijui ni kwa sababu ya lile jani nyweleni, tabasamu lilimponyoka.

"Wewe unauza au unachekesha?"

"Nauza. Kuchekesha ni nyongeza, sitozi kitu. Mia mbili za nini?"

"Za bustani ya umma. Los Yarumos, ule mteremko uliomomonyoka."

Muuza miche aligeuka ghafla, akasahau kwamba mkononi ana bomba la maji. Maji yakampata Nohelia kuanzia kiunoni kwenda chini, yakachanganyika na udongo wa viroba, na ile suruali nyeupe ikaingia katika historia. Soko zima likacheka kwa pamoja.

"Samahani, dada. Samahani sana," alisema yule mtu, amekuwa mwekundu masikioni. "Ila mimi naishi Los Yarumos. Ule mlima umeshawashinda wasanifu wawili."

"Basi mimi ni wa tatu," Nohelia alijibu huku akijikamua. "Na sishindwi."

Aliitwa Arley Zuluaga. Alimpa viatu vya mpira vya manjano, vya mama yake, ili aweze kufika nyumbani. Akampa na namba ya simu, eti kwa ajili ya kurudisha viatu.

Nohelia hakuwa akijigamba bure. Kwa miaka sita alikuwa msanifu wa mandhari katika ofisi ya watu, yeye anachora, wakubwa wanatia sahihi. Bustani saba za mji zilitoka kichwani mwake, na hakuna hata moja yenye jina lake. Los Yarumos walimpa kwa sababu hakuna aliyeitaka. Akiikabidhi salama, jina lake lingeandikwa kwenye kibao, na kazi zijazo angezisaini mwenyewe. Akishindwa, atarudi kwenye kona yake karibu na mashine ya kahawa, kuchorea maduka makubwa vyungu vya mlangoni.

Mchoro wa kwanza aliumaliza kwa wiki mbili. Ulikuwa mzuri: njia iliyojipinda kama utepe kutoka juu mlimani hadi kituo cha kebo, yale magari ya kuning'inia kwenye waya, na vichaka kila kona. Siku aliyorudisha viatu alimwonyesha Arley. Arley aliuangalia sana, akajikuna kidevu.

"Pazuri," alisema. "Hapa watapita nani?"

"Watu."

"Watu wa wapi?"

"Arley, usinichezee akili."

"Sikuchezei, msanifu. Kesho saa kumi na moja jioni njoo tukae pale juu. Leta na kalamu."

Walikaa kwenye ngazi za duka la mikate, kila mmoja na kikombe cha kahawa nyeusi. Watu walipotoka kazini, kebo ikawamwaga kituoni, na wote wakapanda mlima kwa mstari ulionyooka: mafundi na mabegi yao, kina mama na mifuko ya viazi, babu mmoja na mtungi wa gesi begani. Hakuna aliyejipinda kama utepe. Nohelia alitazama kwa dakika arobaini, kisha akaukunja mchoro wake, akaukalia.

"Sema basi," alimwambia Arley. "Unatamani kusema."

"Mimi? Mimi nauza miche tu."

"Kesho nitachora ngazi. Zimenyooka, zina sehemu za kupumzikia, na mtaro wa maji pembeni."

"Na benchi pale kwenye kona," alisema Arley. "Bi Ligia lazima aone nani anashuka kwenye kebo na nani. Usipomwekea benchi, ataiweka mwenyewe katikati ya maua."

Bi Ligia alikuwa mwenyekiti wa mtaa, mjane mwenye miwani mikubwa na sauti kubwa kuliko miwani. Kwenye mkutano wa wakazi, mchoro mpya ulitandikwa kwenye meza mbili za shule na kila mtu akapewa penseli. Kina mama walitaka kivuli, wazee walitaka meza ya domino, na mtu mmoja aliyekuwa na pikipiki tatu alitaka maegesho, akazomewa mpaka akakaa. Mwisho walipiga kura, na Bi Ligia akapiga meza kwa kiganja.

"Imepita. Msanifu, utatujengea. Na usikonde hivyo, utapeperuka na upepo wa mlimani."

Kazi ikaanza. Katapila lilipanda kwa taabu, likakata mteremko kuwa matuta manne. Mafundi wakajenga kuta za mawe za kuzuia udongo, wakalaza mabomba, wakachimba mitaro. Mvua za Aprili zilinyesha wiki tatu mfululizo, na kila alfajiri simu ya Nohelia ilikuwa ikilia.

"Umeamka, malkia wa matope?"

"Ukuta wa pili vipi?"

"Mimi mzima, asante kwa kuuliza. Nimekunywa kahawa, nimenyoa ndevu."

"Arley, ukuta."

"Umesimama. Maji yanapita mtaroni kama ulivyochora. Sasa niulize na mimi kama nimesimama."

"Umesimama?"

"Nimekaa. Nikikusikia sauti miguu inaisha nguvu."

Hapo Nohelia alikuwa akikata simu, halafu anacheka peke yake jikoni mpaka maziwa yafurike kwenye jiko. Alimpenda. Alikuwa ameshajua tangu wiki ya pili ya mvua, siku Arley alipomshika mkono kumvusha kwenye tope na wote wawili wakasahau kuuachia hadi juu mlimani. Mafundi waliona, wakaanza kumwita Arley "shemeji wa bustani".

Mwezi wa sita walipanda. Miche elfu moja mia mbili na arobaini, kila mmoja na nafasi yake kwenye mchoro. Fahari ya Nohelia ilikuwa tuta la juu kabisa: begonia zenye majani ya madoa ya fedha, ambazo Arley alizikuza kwa agizo lake maalumu. Mjini hazikuwepo kwingine. Makabidhiano yalipangwa Alhamisi ya mwisho ya Agosti. Mkaguzi wa mji angekuja kuhesabu mmea mmoja mmoja.

Wiki ya kwanza ya Julai pakaonekana mashimo.

Mwanzo yalikuwa matatu, kisha tisa, kisha thelathini. Mashimo nadhifu, ya duara, kama yamechongwa na kijiko. Nohelia akaagiza miche mingine, nayo ikaondoka. Akaweka uzio wa kamba, ukatumika kuanikia nguo. Mwisho akaandika tangazo kwa rangi ya kijani, na Bi Ligia mwenyewe akalitia mhuri wa mtaa: "Tafadhali usichukue mimea. Ukipenda mche, omba, utapewa bure." Akaleta na miche mia mbili ya zawadi kwenye mkutano. Wakazi walishukuru sana, wakampigia makofi. Walipoondoka, miche mia moja tisini na minne ilikuwa imebaki juu ya viti, na ile sita iliyochukuliwa ilichukuliwa na padri.

"Sielewi," Nohelia alimwambia Arley kwenye simu. "Ya bure hawataki. Sasa nani anaiba? Nani huyo, na ya nini?"

Arley alisikika akifunga bomba la maji.

"Mpenzi, Jumapili njoo ule kwetu," alisema Arley. "Mama anataka kukuona. Tule, tucheke, halafu nitakueleza jambo."

Nohelia alisikia "mama anataka kukuona", hayo mengine yakapita pembeni. Jumapili alivaa gauni jekundu la mikono mifupi, akapaka mafuta ya waridi, akanunua keki. Alipanda ngazi tisini na nne hadi kwa Bi Edelmira Zuluaga, mwanamke mfupi, mnene, mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Bi Edelmira alimkumbatia, akamgeuza kushoto na kulia kama anayenunua kitambaa.

"Arley, kumbe ni mzuri hivi. Wewe uliniambia ana akili tu. Karibu, mwanangu. Maharage yako tayari, nyama inamalizikia. Kapunge upepo roshani."

Nohelia akaenda roshani, na pale pale njaa ikamwisha.

Kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, kwenye sufuria kuukuu, na ndani ya kiatu cha mpira cha manjano kilichotoboka, zilikuwa zimestawi begonia kumi na moja zenye madoa ya fedha.

"Arley," aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hizi zimetoka wapi?"

Arley alitokea na sahani mbili mkononi. Alizitazama begonia. Akamtazama mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko. Bi Edelmira akautazama mwiko, na uso wake ukabadilika rangi kama wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Hapo Arley alifanya kosa ambalo mwana yeyote wa mtaa ule angelifanya: hakuweza kumwaibisha mama yake mbele ya mgeni, siku ya kwanza, chakula kikiwa mezani.

"Ni mimi," alisema. "Nilizichukua mimi."

"Wewe."

"Ndiyo. Nohelia, sikiliza—"

"Miche mia nne na kumi na miwili, Arley. Niliihesabu jana. Kila wiki naagiza kwako, kila wiki unaniletea mingine, na mimi nakushukuru." Machozi yalikuwa yanamlenga na hakutaka yatoke mbele ya maharage ya watu. "Ile bustani ndiyo kitu pekee nilichowahi kufanya chenye jina langu. Ulijua. Wewe ndiye mtu pekee niliyemwambia."

"Mwanangu, ngoja kwanza," alianza Bi Edelmira.

"Mama, acha," alisema Arley.

Nohelia alishuka zile ngazi tisini na nne na gauni lake jekundu, mtaa mzima ukiwa madirishani. Keki aliisahau. Simu ilipolia kituoni aliipokea mara moja tu.

"Usinipigie. Kama kuna la kazi, andika."

"Na kama si la kazi?"

Alikata. Alilia kwenye kebo kuanzia juu hadi chini, na bibi mmoja aliyekaa mkabala naye akampa karatasi ya chooni, roli nzima, aliyokuwa ametoka kununua.

Kwa majuma matatu Arley aliandika ya kazi. "Maji yamewekwa tuta la pili." "Mbolea imefika." Siku moja aliandika: "Benchi ya Bi Ligia imepigwa rangi. Mimi sijapigwa rangi, nimefifia." Nohelia aliusoma ujumbe huo mara nne, akajibu, "Sawa." Usingizi ulimpaa.

Jumapili ya mwisho kabla ya makabidhiano alipanda mlimani peke yake, saa tano asubuhi, kutazama mashimo yake na kuamua atamwandikia nini bosi. Misa ilikuwa imetoka muda huo. Aliketi nyuma ya ukuta wa mawe, akashika tama. Hapo akasikia visigino.

Walikuja kina mama tisa, mmoja nyuma ya mwingine, na magauni yao ya kanisani, lulu za bandia shingoni, mikoba mikononi. Mbele yao alikuwa Bi Ligia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akafungua mkoba, akatoa kijiko cha supu. Kwa ufundi wa miaka mingi aling'oa kangaga na mizizi yake yote, akaifunga kwenye leso, akaitumbukiza mkobani karibu na rozari.

"Bi Ligia?" alisema Nohelia akiinuka.

Kina mama wanane wakageuka kuwa watalii wanaotazama mandhari. Bi Ligia hakutingishika.

"Msanifu. Habari za asubuhi. Hukwenda misa?"

"Hicho ni nini mkononi?"

"Kijiko."

"Wewe ndiye uliyetia mhuri kwenye tangazo."

"Na tangazo lako ndilo lililotumaliza," alisema Bi Ligia kwa masikitiko ya kweli. "Omba utapewa. Omba, utapewa! Sasa nani angethubutu kuomba? Mwanangu, kila mtu anajua kwamba ua la kupewa halishiki. Ukipewa kwa mkono, linanyauka ndani ya wiki. La kuibwa ndilo linastawi. Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu alikuwa na maua ya plastiki," alisema Nohelia.

Bi Ligia akamshika bega kama anavyoshikwa mfiwa.

"Maskini. Pole sana, binti yangu."

Nohelia alikumbuka kwamba chuoni aliwahi kulisikia jambo hilo, kama utani. Hakujua kwamba kuna mtaa mzima unaoishi nalo. Kisha wazo jingine likamjia, likamgonga vibaya zaidi.

"Na Bi Edelmira? Zile begonia?"

"Edelmira ndiye hodari wetu. Anaiba huku anaongea na wewe. Arley alipogundua, alimlilia mama yake aache, akasema angekueleza mwenyewe, polepole, siku ya chakula. Ukamwahi." Bi Ligia alivua miwani akaipangusa. "Mtoto wa watu alijitwisha kosa la mama yake. Tangu siku ile hali vizuri. Miguu imekuwa ya korongo."

Nohelia aliketi tena. Alitaka kumpigia Arley papo hapo, lakini kwa aibu ile angeanza kumwambia nini? Na Alhamisi ilikuwa inakuja na mkaguzi wake.

"Rudisheni mimea," aliomba. "Nawasihi. Alhamisi wanahesabu. Ikipungua, bustani haipokelewi, na mimi nimekwisha."

Kina mama walitazamana. Walikuwa wanampenda, hilo lilionekana. Lakini wote walikuwa wakitikisa kichwa.

"Tukikurudishia kwa mikono yetu, itakufa yote mbele ya mkaguzi," alisema Bi Ligia. "Unataka tukuue mara mbili? Hapana. Njia ni moja tu. Itabidi uibe."

Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, mchana kweupe: msanifu Nohelia Arbeláez, mwenye shahada mbili, akapita nyumba kwa nyumba na toroli na kijiko cha supu. Milango iliachwa wazi. Kina mama walikaa wameupa mlango mgongo, wakitazama tamthilia kwa umakini ambao haujawahi kuonekana.

"Kuna mtu ameingia?" mmoja alimuuliza mumewe kwa sauti.

"Sijaona mtu," alijibu mume, akiinua miguu Nohelia apite.

"Maana kama angekuwepo, ningemwambia ile iliyo karibu na dirisha imezaa watoto watatu, na ajihadhari na ngazi, zina maji."

Kwa Bi Ligia aliiba kangaga arobaini, na mezani akakuta sahani ya maandazi ya jibini yenye karatasi: "Haya si ya kuiba, kula." Mimea ilikuwa imeneemeka kwenye makopo yale kuliko ilivyowahi kitaluni. Mafundi walipanda hadi jua lilipoinama. Jumatano jioni Nohelia alihesabu: yamebaki mashimo kumi na moja, yote tuta la juu. Nyumba moja tu hakuigusa. Mara mbili alifika ngazi ya hamsini, mara mbili akageuka.

Alhamisi saa tatu mkaguzi alifika. Bwana Hincapié alikuwa mtu mwembamba, mkavu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alihesabu kwa kugusa kila mmea kwa ncha ya kiatu. Mtaa mzima ulimfuata nyuma kama maandamano. Alihesabu saa nzima. Tuta la juu alisimama.

"Begonia zilizoandikwa ni sitini. Naona arobaini na tisa." Alimtazama Nohelia, aliyekuwa na gauni la kijani na uso mweupe kama chaki. Kisha akaitazama saa yake. "Mimi kwa kawaida hunywa kahawa saa nne. Nikinywa naunguza ulimi, kwa hiyo nakunywa taratibu. Nikirudi nitahesabu tuta hili upya."

Nohelia alipanda ngazi tisini na nne bila kupumzika.

Bi Edelmira alikuwa anapiga pasi. Arley alikuwa roshani, anaziba kopo lililovuja. Kweli alikuwa amekonda. Alimwona, akasimama, mikono yake ikakosa pa kwenda. Nohelia alisubiri Bi Edelmira ageuze mgongo. Bi Edelmira alibaki akimkazia macho, pasi mkononi.

"Mimi sigeuki," alisema. "Kwa wengine umeiba, sawa. Mimi niliiba maua, naungama, na Mungu anajua nilikuwa nakuja kukwambia kama huyu asingenifunga mdomo. Lakini wewe ulimwita mwanangu mwizi. Miezi saba mko pamoja kwenye tope, ukaamini kwa dakika moja. Hapa kwanza utaomba."

Nohelia aliweka kijiko chini. Hakuwa na hotuba.

"Arley, nilikosea. Ulisema ni wewe, nikaona rahisi kuamini, kwa sababu nimezoea kunyang'anywa kazi yangu na watu ninaowaheshimu. Nikakuweka na wao bila kukuuliza. Nimekukumbuka kila siku. Ule ujumbe wa kupigwa rangi niliusoma mara nne." Akasogea hatua moja. "Nisamehe. Si kwa ajili ya begonia. Hata bustani isipopokelewa leo, nisamehe."

Arley alipangusa mikono kwenye suruali.

"Mara nne, ukajibu 'sawa'?"

"Nilikuwa nimenuna."

"Na mimi nilidanganya," alisema Arley. "Nilipaswa kukwambia ukweli siku ile, hata kama Mama angejificha chini ya meza. Tugawane kosa nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu," alisema Nohelia, na alipomshika mkono safari hii hakuna aliyekuwa na nia ya kuuachia.

Bi Edelmira alifuta macho kwa kola ya shati alilokuwa analipiga pasi.

"Haya," alisema. "Hii kola ina mkunjo ambao lazima niutazame dirishani, kwenye mwanga. Unahitaji dakika tano." Akawapa mgongo.

Waliiba zote kumi na moja, hata ile ya kwenye kiatu. Walishuka mbio na toroli, wakapiga magoti kwenye udongo, gauni la kijani na yote, wakapanda bega kwa bega huku Bi Ligia akimzuia mkaguzi kwa kikombe cha tatu cha kahawa na habari za ndoa ya mpwa wake. Bwana Hincapié aliporudi aligusa begonia kwa ncha ya kiatu, moja baada ya nyingine, mpaka sitini. Udongo wa kumi na moja za mwisho ulikuwa bado unatiririka maji. Akapangusa ncha ya kiatu.

Alitoa fomu, akaiweka juu ya benchi, akaandika jina la msanifu kwa herufi kubwa. Nohelia alilitazama jina lake likikauka kwenye karatasi, akatia sahihi polepole kuliko ilivyohitajika.

"Bado sehemu ya matunzo," alisema mkaguzi. "Mtunzaji, Arley Zuluaga. Muda wa kawaida ni mwaka mmoja. Tia sahihi hapa."

Arley alishika kalamu, lakini hakuandika.

"Mwaka mmoja sisaini."

Watu wakaguna.

"Mwaka wa kwanza mmea unazoea udongo tu," alisema Arley. Mkaguzi ndiye aliyekuwa mbele yake, lakini macho yake yalikuwa kwa Nohelia. "Wa pili ndiyo unaanza kujua uko wapi. Mtu hawezi kutunza kitu anachokipenda, halafu mwezi wa kumi na mbili akafungasha. Mimi nataka muda mrefu, kama msanifu ataniruhusu. Na kama atakaa hapa hapa akinisimamia, kwenye nyumba yenye ngazi nyingi na mama mkwe mwizi."

Bi Edelmira alifungua mdomo, akaufunga.

"Kwa hiyo niandike miaka mingapi?" aliuliza Bwana Hincapié. "Nawatahadharisha, fomu ina nafasi ya tarakimu mbili tu."

Nohelia aliuona mkono wake mwenyewe una udongo hadi kwenye kiwiko, na hakuona haja ya kuupangusa.

"Andika tisini na tisa," alisema.

Mkaguzi aliandika tisa, akaandika tisa nyingine pembeni yake, akapuliza wino ukauke, akauliza nani atakuwa shahidi. Bi Edelmira alikuwa ameshaichukua kalamu.